Pestalozzi: Baba wa Yatima Aliyeshindwa na Daftari



Ni desturi ya kijitabu hiki kutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, ambaye kazi yake inatufundisha kitu kuhusu jambo tunalolichangia mwaka huo. Mwaka huu fungu kubwa la michango yetu limeelekezwa kwa watoto yatima na wale wanaoishi katika mazingira magumu, wajifunze ufundi na kilimo. Nimeombwa niandike mimi, na kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, nimemchagua mtu ambaye wahasibu wangemkimbia lakini watoto walimkimbilia.

Jina lake ni Johann Heinrich Pestalozzi, mwananchi wa Uswisi. Waliopitia vyuo vya ualimu watalikumbuka jina hilo kutoka kwenye somo la historia ya elimu, kwamba ndiye aliyetaka mtoto afundishwe kwa kichwa, moyo na mikono. Sehemu ambayo wengi hatukusimuliwa ni kwamba kabla ya kusifiwa na walimu wa Ulaya, aliwachukua watoto maskini shambani kwake, akawafundisha kulima, kusokota nyuzi na kufuma, na mradi huo ukafilisika. Sababu za kufilisika kwake zinatuhusu sisi zaidi kuliko sifa zake.

Mtoto aliyefiwa na baba

Alizaliwa Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji, na alifariki mwaka 1751 akiwa bado kijana, Heinrich akiwa na miaka 5 tu. Mjane aliachiwa watoto watatu na kipato kidogo mno.

Aliyeiokoa nyumba ile hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa msichana wa kazi kutoka kijijini, aliyeitwa Barbara Schmid, na watoto walimwita Babeli. Baba alipokuwa anakata roho alimsihi asiiache familia yake, naye akaahidi, akaitimiza ahadi hiyo maisha yake yote. Ndiye aliyebana matumizi. Alikwenda sokoni akangoja hadi wauza mboga wanapotaka kufunga waende kwao, ndipo anunue kwa bei ya chini. Watoto hawakuruhusiwa kutoka nje ovyo, maana viatu na nguo vingechakaa. Lakini ilipofika siku ya zawadi au ya kwenda kwa watu, Babeli alihakikisha watoto wa marehemu hawaaibiki.

Kila mmoja wetu anamjua Babeli wa kwao. Ni yule bibi, shangazi au jirani aliyebaki na watoto baada ya matanga kwisha na wageni kurudi makwao. Katika vitabu vya historia hatajwi sana, ila bila yeye Pestalozzi tunayemsoma asingekuwapo.

Wakati wa likizo Heinrich alikaa kwa babu yake, mchungaji wa kijiji cha Höngg karibu na Zürich. Alifuatana naye kuwatembelea wagonjwa na maskini, akaona watoto wa vijijini walivyokonda na walivyotumikishwa. Wenzake shuleni walimcheka kwa kuwa mzembe wa mavazi na mwepesi wa kudanganywa. Kasoro hizo mbili hazikumtoka hadi uzeeni.

Mkulima wa Neuhof

Alisoma chuoni Zürich, akafikiria uchungaji, kisha sheria, mwisho akaona atawasaidia wanyonge zaidi akiwa mkulima. Mwaka 1767 alikwenda kujifunza kilimo cha kisasa kwa Johann Rudolf Tschiffeli, mkulima maarufu wa jimbo la Bern. Alikaa huko chini ya mwaka mmoja, akaondoka akiamini ameshajua.

Septemba 1769 alimwoa Anna Schulthess, binti wa mfanyabiashara, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 8. Wazazi wa Anna walipinga, wakiona kijana huyu hana mbele wala nyuma. Anna alimfuata hata hivyo. Walinunua mashamba kwenye uwanda wa Birr, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Aargau, wakajenga nyumba na kuliita shamba lao Neuhof, yaani shamba jipya. Mwaka 1770 walipata mtoto wao wa pekee, Hans Jakob.

Mtaji ulikuwa wa mkopo. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa hafifu, na mmea wa kutoa rangi nyekundu ya nguo aliokusudia kuulima haukumletea faida aliyoitarajia. Mwenye benki wa Zürich aliyemkopesha alipotuma watu kukagua shamba, taarifa iliyomrudia haikumpendeza, akajiondoa. Miaka ya 1771 na 1772 ikaja njaa kubwa sehemu nyingi za Ulaya. Bei ya nafaka ikapanda, na watoto waombaji wakajaa barabarani.

Watoto wa barabarani

Nchini Uswisi wakati ule, mtoto yatima au wa maskini alikuwa mzigo wa kijiji. Vijiji vingi viliwagawa watoto kwa wakulima, na mara nyingi aliyepewa mtoto ni yule aliyedai malipo madogo kuliko wenzake ya kumtunza. Mtoto alilala zizini, alichunga, alibeba kuni, na shule aliisikia kwa mbali. Utaratibu huo ulidumu hadi karne ya 20, na mwaka 2013 serikali ya Uswisi iliwaomba radhi hadharani waliotendewa hivyo utotoni.

Tusiseme haraka kwamba hayo ni ya Wazungu. Nyumbani kwetu mtoto hapigwi mnada, lakini wangapi tunawajua waliochukuliwa na jamaa kwa kauli ya kusomeshwa, wakaishia kuchunga mbuzi, kubeba ndoo na kulea watoto wa wenzao?

Pestalozzi na Anna waliwaona watoto wale wakipita mlangoni kwao. Mwaka 1774 wakaanza kuwachukua. Waliwavika, wakawalisha chakula walichokula wao wenyewe, na wakaanza kuwafundisha. Kiangazi watoto walilima. Majira ya baridi walikaa ndani wakisokota na kufuma pamba. Mikono ikiwa kazini, walifundishwa kusoma, kuhesabu na kuongea kwa ufasaha.

Wazo lake lilikuwa tofauti na la wakulima wa jirani. Yeye hakutaka kazi ya mtoto imnufaishe mwenye shamba. Alitaka mtoto wa maskini ajifunze kuishi kwa jasho lake bila kudhalilika, akitoka pale awe na ujuzi mkononi na akili ya kuutumia. Aliona pia kwamba kumpa mtoto sadaka tu bila kumfundisha kujitegemea ni kumrudisha barabarani baadaye.

Watoto waliongezeka. Mwaka 1776 walikuwa 22, na mwaka 1778 walifika 37. Mwaka huo alitoa taarifa kwa waliomchangia, na mimi kama mhasibu nampa heshima kwa hilo. Aliwaeleza watoto mmoja mmoja kwa majina yao: afya ya kila mmoja, alivyokuja, anachokiweza, na alivyoendelea. Mfadhili aliyeisoma taarifa ile alijua fedha yake imemlisha nani. Miaka zaidi ya 240 baadaye, zipo taasisi zenye kompyuta zisizoweza kufanya hivyo.

Hesabu zilivyokataa

Mwaka 1780 kituo cha Neuhof kilifungwa. Watoto walitawanyika, na urithi wa Anna ulikuwa umemezwa karibu wote na madeni. Tuangalie kilichotokea kama tunavyokagua vitabu vya kampuni iliyoanguka.

Kwanza, aliweka kwenye mpango wake kwamba baada ya muda kazi za watoto zitalipa gharama za kituo. Hapo ndipo mizania ilipopinda. Mtoto anayejifunza huharibu kabla ya kutengeneza. Uzi wa mwanafunzi hukatika, kitambaa chake hakinyooki, na sokoni hakuna anayenunua kwa huruma siku zote. Mwanafunzi ni gharama, na gharama hiyo ni lazima ibebwe na mtu mwingine hadi atakapoiva.

Pili, aliruka hatua. Mwenyewe alikuja kukiri uzeeni kwamba alitaka kusokota nyuzi nyembamba za bei kubwa kabla watoto hawajaweza zile nene za kawaida. Aliifuata bei ya sokoni bila kupima uwezo wa mikono aliyokuwa nayo.

Tatu, mafundi wa kufuma na kusokota walilipwa mishahara, pamba ilinunuliwa, bidhaa zilisafirishwa, nayo biashara hiyo yote iliendeshwa na mtu asiyejua kuuza. Aliwaamini watu upesi, akauziwa ghali na akauza rahisi.

Nne, na hili linauma, hakuwa na makubaliano ya kueleweka na wazazi na jamaa za watoto. Siku za Jumapili walikuja kulalamika kwamba watoto wanafanyishwa kazi. Mtoto akishapata nguo mpya na kunenepa kidogo, au akishajua kusokota kiasi cha kuingiza senti nyumbani, jamaa walimchukua. Gharama ya kumfundisha ilibaki Neuhof.

Ulikuwapo waraka wa wito kwa wafadhili, na rafiki yake Isaak Iselin wa Basel alimsaidia kuutangaza. Watu walitoa. Lakini walitoa wakidhani baada ya muda mfupi kituo kitajitegemea, kwa kuwa ndivyo alivyowaambia, naye ndivyo alivyoamini. Kilipochelewa kujitegemea, wakachoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za Pestalozzi ziliandikwa vizuri, tatizo ni daftari.

Nyumba yenyewe ilikuwa inaelekea kubomoka ndipo akatokea Elisabeth Näf, mwanamke wa kawaida aliyekuja kufanya kazi za ndani. Alisafisha, akapanda mboga, akapanga matumizi, akairudishia familia ile uhai. Mara ya pili katika maisha yake Pestalozzi aliokolewa na mwanamke asiye na elimu ya darasani, mwenye hesabu kichwani. Mwaka 1781 alichapisha hadithi kuhusu mke wa fundi mlevi, Gertrude, anayeinusuru nyumba yake na hatimaye kijiji kizima kwa malezi na kazi. Katika Gertrude kuna mengi ya Elisabeth. Kitabu kilisomwa sana kwenye nchi zinazoongea Kijerumani, na mwaka 1792 Bunge la Ufaransa lilimpa Pestalozzi uraia wa heshima. Pamoja na sifa hizo, mfuko ulibaki mtupu, na kwa takriban miaka 18 hakuwa na mtoto hata mmoja wa kumfundisha.

Miezi michache ya Stans

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi. Wakazi wa Nidwalden, eneo la milimani, walikataa katiba mpya, na tarehe 9 Septemba 1798 jeshi liliwashambulia. Waliuawa mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Nyumba zilichomwa, na mji wa Stans ukabaki na yatima wengi.

Serikali mpya iliamua kufungua kituo cha yatima katika jengo la watawa pale Stans, ikamtuma Pestalozzi. Alikuwa na miaka 52. Alifika Desemba, jengo halijamalizika kukarabatiwa, jiko halijawa tayari. Watoto walianza kuingia Januari 1799, na baada ya muda mfupi walifikia 80 hivi. Wengi walikuja na upele, chawa, mifupa inahesabika, na macho ya watoto walioona kisichopaswa kuonwa.

Watu wa mji hawakumtaka. Wao walikuwa Wakatoliki na yeye Mprotestanti, tena aliletwa na serikali ileile iliyowaletea jeshi. Hakubishana nao. Alikaa na watoto kuanzia asubuhi hadi usiku, akila nao, akiwauguza, akilala katikati yao, akisali na kuwafundisha hata wakiwa kitandani hadi walipopitiwa na usingizi. Hakuwa na msaidizi zaidi ya mtunza nyumba mmoja. Hakuwa na vitabu vya kutosha, hivyo aliwafundisha kwa vitu vilivyokuwapo, na watoto waliojua kidogo wakawafundisha wasiojua kabisa.

Safari hii hakukazania kuuza. Alipanga kuchanganya masomo na kazi za mikono, lakini aliona mtoto aliyevunjika moyo anahitaji kwanza kupendwa, kushiba na kuwa na mtu mmoja asiyeondoka. Baada ya wiki kadhaa za majira ya kuchipua, aliyewaona watoto wale asingeamini kuwa ndio walioingia Januari.

Mwezi Juni 1799 jeshi la Ufaransa lililihitaji jengo liwe hospitali ya askari. Kituo kikafungwa na wengi wa watoto wakarudishwa vijijini. Pestalozzi aliondoka akiwa hoi, akapelekwa milimani kupumzika. Kazi ya Stans haikufika hata miezi 6 tangu watoto waingie, lakini walimu wa dunia wameikumbuka kwa zaidi ya miaka 200.

Sifa za dunia, na kiu iliyobaki

Baada ya Stans alihamia Burgdorf. Alianza kama mwalimu msaidizi kwenye darasa la mtaani lililoongozwa na fundi viatu, na wazazi walilalamika kwamba mzee huyu anawafanyia watoto wao majaribio. Baadaye alipewa nafasi katika ngome ya mji, akafungua shule na chuo cha walimu. Mwaka 1801 alitoa kitabu kilichoeleza njia yake: mtoto aanze na kitu anachokiona na kukigusa, aende hatua kwa hatua, asikaririshwe maneno asiyoyaelewa. Mwaka huohuo mwanawe wa pekee, aliyesumbuliwa kwa miaka mingi na kifafa, alifariki.

Kuanzia mwaka 1805 shule yake ilikuwa Yverdon, ambako mji ulimpa ngome. Huko ndiko jina lake lilikovuma. Serikali ya Prussia ilituma walimu wajifunze kwake. Robert Owen, mwenye viwanda aliyepigania watoto wa wafanyakazi Uingereza, alimtembelea. Friedrich Froebel alifanya kazi naye kuanzia 1808 hadi 1810, kisha akaja kuwa mwanzilishi wa shule za chekechea. Kila chekechea iliyoko kwetu, hata ile ya chini ya mwembe, ina deni kidogo kwa mzee wa Yverdon.

Lakini wanafunzi wengi wa Yverdon walikuwa watoto wa wenye uwezo, waliolipa ada. Pestalozzi hakutulia. Alisifiwa kwa kufundisha watoto wa matajiri, wakati moyo wake ulibaki kwa wale 37 wa Neuhof. Alipotimiza miaka 72, Januari 1818, alitangaza kwamba mapato ya kuchapishwa kwa maandishi yake yote atayaweka kwenye shule ya maskini. Mwaka huohuo akaifungua huko Clindy, karibu na Yverdon. Haikufika mbali kama shule ya peke yake, mwaka 1819 iliunganishwa na shule kubwa. Anna, aliyembeba kwa miaka 46, alikuwa amefariki mwaka 1815, na wasaidizi wa mzee walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu madaraka na fedha. Mwaka 1825 shule ya Yverdon ilifungwa.

Jirani aliyejua hesabu

Kuna mtu mwingine lazima atajwe, kwa kuwa bila yeye tungeweza kudhani kwamba wazo la Neuhof haliwezekani. Huyo ni Philipp Emanuel von Fellenberg, mwenye shamba la Hofwyl karibu na Bern. Mwaka 1804 yeye na Pestalozzi walijaribu kufanya kazi pamoja wakashindwana, maana mmoja alikuwa moyo mtupu na mwingine alikuwa utaratibu mtupu.

Fellenberg alianzisha shule ya watoto maskini Hofwyl, na kuanzia 1810 ikaongozwa na mwalimu kijana, Johann Jakob Wehrli. Wehrli aliishi na watoto, akalima nao, akala nao, akawafundisha shambani na darasani. Ilikuwa ni Neuhof ileile, ila ilisimama, na wageni kutoka nchi nyingi walikwenda kuitazama.

Tofauti ilikuwa nini? Fellenberg alikuwa na mali yake, shamba lililoendeshwa kitaalamu, na kando yake shule ya watoto wa wakubwa iliyolipiwa ada. Kazi ya watoto ilisaidia, lakini uhai wa shule haukutegemea mikono ya watoto peke yake. Fellenberg aliweka daftari, Wehrli akaweka moyo. Shule ya yatima inahitaji vyote viwili, na si lazima viwe ndani ya mtu mmoja.

Kaburi la Birr

Mzee alirudi Neuhof, akaanza kujenga nyumba nyingine ya watoto maskini akiwa na miaka karibu 80. Haikukamilika. Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr, kando ya shule ya kijiji. Mwaka 1846, miaka 100 tangu azaliwe, walimjengea kumbukumbu pale. Maandishi yake yanamtaja kama mwokozi wa maskini wa Neuhof na baba wa yatima wa Stans kabla ya kumtaja kama mwalimu wa Yverdon.

Katika karne ya 20 Neuhof yenyewe iligeuka kituo cha kulea na kufundisha ufundi vijana wenye matatizo. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, kijiji cha watoto yatima wa vita kilianzishwa Trogen, Uswisi, kikapewa jina la Pestalozzi. Mradi uliofilisika mwaka 1780 ulikuja kupata waliouendesha vizuri.

Sisi na watoto wetu

Ndugu zangu, Kagera hatuhitaji kuelezwa yatima ni nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani kwetu mwaka 1983, na kwa miaka iliyofuata tulizika kizazi. Bibi walibaki na wajukuu. Vibanja vilibaki na watoto wasiojua kupogoa mgomba, kwa sababu baba aliyepaswa kuwafundisha hakuwapo. Vingine vilichukuliwa na jamaa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kisha mnyauko wa migomba ukaja juu ya hayo. Leo watoto wa wale yatima nao wanahitaji msaada.

Ninayoyaona katika maisha ya Pestalozzi, kwa jicho la mhasibu, ni haya.

Tusiweke kwenye bajeti mapato ya kazi za watoto kana kwamba ni chanzo cha uhakika. Bustani ya mboga, kuku, kahawa na migomba ya kituo vitapunguza gharama ya chakula na kuwafundisha, basi. Cherehani na benchi la seremala vitaharibu kitambaa na mbao nyingi kabla ya kutoa suti na meza. Tukiwalazimisha watoto wajilipie, tutaishia kupunguza masaa ya kujifunza na kuongeza ya kuzalisha, na hapo tutakuwa wale wakulima wa Uswisi. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtumikisha mtoto.

Tuandikiane na walezi mapema. Bibi, baba mdogo, mjomba, wote wajue mtoto anakaa mafunzoni muda gani, anarudi nyumbani lini, na cheti na vifaa vya kazi atakavyopewa ni mali ya nani. Pale ambapo kibanja cha marehemu kipo, mtoto ajifunze kilimo akijua kibanja hicho ni chake, na wazee wa ukoo pamoja na serikali ya kijiji wawe mashahidi. Kumfundisha mtoto kilimo huku ardhi yake inauzwa ni kumcheka.

Tuanze na nyuzi nene. Fani chache zenye wateja pale kijijini, na walimu wanaokaa. Wakishasimama, tuongeze.

Tutoe taarifa kama ile ya 1778. Mchangiaji aambiwe kila mwaka watoto wangapi waliingia, wangapi walimaliza, wangapi waliacha na kwa nini. Majina yao yabaki kwenye faili kwa heshima yao, lakini hesabu ziwekwe mezani, zikaguliwe na mtu asiye ndugu wa mweka hazina.

Mwisho ni ombi. Wafadhili wa Neuhof walitoa mara moja au mbili wakitegemea muujiza. Mtoto anayeanza ufundi leo atahitaji kulipiwa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka unaofuata, kisha apewe vifaa vya kuanzia. Kwa hiyo ukijaza fomu ya ahadi iliyo katika kijitabu hiki, heri uandike kiasi kidogo utakachokitoa kwa miaka mitatu mfululizo kuliko kitita cha siku ya hafla kisichorudi tena. Haba na haba hujaza kibaba, mradi mkono wa kujaza usichoke njiani.

Pestalozzi alikuwa na moyo wa baba, akakosa watu wa kumshikia daftari na wachangiaji wa kudumu. Sisi tuna walimu nyumbani wenye moyo kama wake, na hapa mjini tuna wahasibu, wanasheria, wahandisi, wafanyabiashara na mama lishe wanaojua thamani ya shilingi. Watoto wanatungoja. Karibuni tuchange.